Bastola ya Shabaha na Amani ya Nyumbani

Barua nyingi zinazoletwa kwenye meza hii huwa za mambo tuliyoyazoea: mpangaji na mwenye nyumba, mke na mawifi, mtoto aliyefeli mtihani. Wiki iliyopita ilikuja barua ya namna nyingine, kurasa nne za mwandiko ulionyooka, kutoka kwa mzee mmoja wa Temeke aliyefanya kazi bandarini miaka mingi hata akastaafu. Kwa kuwa ameomba jina lake lisitajwe, nitamwita Mzee wangu tu, kama ada ilivyo kwa mtu wa umri wa baba.

Mzee wangu ana watoto wawili huko Marekani, katika jimbo la Minnesota. Mkubwa ni binti, muuguzi, ambaye ameolewa, amepata ukaazi wa kudumu na ana mtoto wa miaka mitatu. Mdogo ni mvulana, anasoma chuo kikuu kwa viza ya mwanafunzi na anaishi kwa dada yake. Muuguzi mwenzake alimwalika yule binti katika klabu ya kulenga shabaha. Alikwenda mara ya kwanza kutazama, mara ya pili akajaribu, na sasa haikosi jioni ya klabu hata moja. Anataka kununua bastola yake mwenyewe ili aingie mashindano ya wanaoanza. Kwa adabu aliyolelewa nayo amempigia baba yake simu kumwomba radhi, na pia ushauri, kwa kuwa baba alipata kuwa mgambo. Mvulana naye ameongeza sauti yake: anataka kujifunza pamoja na dada.

"Mama yao hajalala siku tatu," anaandika Mzee wangu. "Kwake bastola ni kitu cha majambazi. Mimi bunduki naijua, lakini hii ya michezo siijui. Je, nimkubalie au nimkataze? Na nikimkubalia, anunue ipi?"

Mzee wangu, shikamoo. Umeuliza maswali mawili, lakini ndani ya barua yako limo la tatu ambalo hukuliuliza, nalo ndilo zito kuliko yote. Niruhusu nianze na uliyoyauliza, kisha nitafika huko.

Mchezo wenyewe ni upi?

Kulenga shabaha kwa bastola ni mchezo wa zamani. Ulikuwamo katika Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, ile ya Athens ya mwaka 1896. Wanawake walipata shindano lao la bastola la mita 25 mwaka 1984, katika michezo ya Los Angeles. Mshindani hupiga risasi 60, nusu yake polepole na nusu nyingine kwa haraka, na katika ile sehemu ya polepole duara ya katikati yenye pointi kumi ina upana wa sentimeta tano tu. Chukua kikombe kidogo cha kahawa, kitundike kwenye ukuta ulio hatua thelathini mbele yako, nawe utajua ni kazi gani.

Katika klabu za Marekani mtindo wao wa asili ni wa umbali wa yadi 50 na yadi 25, yaani karibu mita 46 na mita 23. Kuna duru ya polepole, risasi kumi kwa dakika kumi; kisha risasi tano kwa sekunde 20; kisha tano kwa sekunde kumi. Yote haya hufanywa kwa mkono mmoja. Mwambie mama watoto jambo hili, maana lina maana kubwa: mchezaji husimama ubavu, mkono mmoja mfukoni, mwingine umenyooshwa, akisubiri pumzi yake itulie. Hapana anayekimbia, hapana anayejificha, hapana anayelengwa ila karatasi. Anayeshindwa hapo ameshindwa na mkono wake mwenyewe.

Yuko mwanamke wa Georgia, Nino Salukvadze, aliyepata medali ya dhahabu ya bastola ya mita 25 huko Seoul mwaka 1988 akiwa msichana. Alishiriki Olimpiki kumi mfululizo, mpaka ile ya Paris ya mwaka 2024, na huko Rio mwaka 2016 alishiriki pamoja na mwanawe wa kumzaa. Mwaka 2008, nchi yake ilipokuwa imeingia vitani na Urusi, yeye alikuwa Beijing. Alipata medali ya shaba, na mshindi wa fedha alikuwa Mrusi, Natalia Paderina. Walikumbatiana hapo hapo jukwaani mbele ya dunia nzima. Huo ndio mchezo unaomnyima usingizi mama yao. Yuko pia Károly Takács wa Hungary, askari ambaye mkono wake wa kulia uliharibiwa na bomu la mkono mwaka 1938. Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, akashinda dhahabu London mwaka 1948 na Helsinki mwaka 1952.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni hili: mchezo ni wa heshima, na binti ni mtu mzima anayeomba radhi kwa hiari yake. Mpe. Lakini mpe pamoja na masharti nitakayoyataja.

Risasi ndogo, adabu kubwa

Bastola ya mtu anayeanza ni ile inayotumia risasi ndogo ambayo wenyewe huiita nukta ishirini na mbili, yenye upana wa karibu milimita tano na nusu. Wewe uliyezoea risasi za bunduki ya mgambo ungeiona kama punje. Katika risasi kubwa, fataki inayowasha baruti huwekwa katikati ya kitako cha ganda. Katika hii ndogo, dawa ya fataki imezungushwa ndani ya ukingo wa kitako, na kipini cha bastola hugonga ukingo huo. Aina inayotumika sana ilitoka Marekani mwaka 1887, na kichwa chake cha risasi kina uzito wa gramu mbili na nusu hivi.

Faida zake ni tatu. Ni rahisi kuliko risasi nyingine, nayo ni jambo kubwa, maana shindano moja la kawaida la klabu hula risasi 90, na boksi moja lina 50. Teke lake ni dogo, hivyo mwanafunzi hajifunzi kuiogopa bastola. Tena, kwa sababu teke ni dogo, kosa la mkono halina mahali pa kujificha. Risasi ikienda kando, mlengaji anajua ni yeye.

Hata hivyo, asidanganyike na udogo huo. Punje hiyo ikirushwa hewani yaweza kwenda zaidi ya kilometa moja na nusu, na karibu inaua. Mlio wake pia, ingawa unaonekana mdogo, huumiza masikio. Hapana risasi moja ya kupigwa bila vizibo vya masikio na miwani ya kukinga macho.

Mkono ndio kipimo

Sasa tuje kwenye ununuzi. Ushauri wa kwanza kwa anayetaka kununua bastola ya shabaha ni kwamba asinunue bado. Klabu nyingi zina bastola za kuazima, na wanachama wakongwe hufurahi kumjaribisha mgeni zao. Na apige kwa hizo miezi miwili au mitatu, akiandika kwenye daftari ipi ilimkaa na ipi ilimshinda. Mtu hanunui cherehani kwa kuitazama kwenye kioo cha duka. Huketi, akashona kipande cha kitambaa, akasikia mguu wake.

Wakati wa kuchagua ukifika, ayatazame mambo haya kwa mpangilio huu.

La kwanza ni mpini. Aishike bastola kama anayesalimiana na mtu, afumbe macho, ainyanyue hadi usawa wa bega, kisha afumbue. Ikiwa vilengeo viwili, cha mbele na cha nyuma, vimejipanga vyenyewe mbele ya jicho, mpini huo ni wake. Ikiwa itambidi akunje kifundo cha mkono ili vipangike, airudishe. Kidole kikifika kwenye kifyatuo, kiguse kwa ncha yake bila kujinyoosha. Wanawake wengi huuziwa bastola ndogo za mfukoni kwa kuambiwa kwamba zinafaa mkono mdogo. Hilo ni kosa. Bastola ya mfukoni ina mtutu mfupi na vilengeo vilivyokaribiana, na kosa dogo la jicho huwa kubwa kwenye karatasi. Mtutu wa kiasi cha sentimeta 14 unafaa sana. Kanuni za kimataifa za mita 25 hazikubali unaozidi milimita 153.

La pili ni kifyatuo. Hiki ndicho roho ya bastola ya shabaha. Nilipopita Jeshi la Kujenga Taifa, mkufunzi wetu alituambia kwamba kifyatuo hakivutwi, kinabanwa taratibu kama mtu anayekamua ndimu akihofia mbegu. Kifyatuo kizuri hakikwaruzi wala hakisitisiti; kinakataa, kinakataa, kisha kinakubali mara moja. Kisiwe chepesi kupita kanuni. Mashindano ya kimataifa ya mita 25 hutaka kihimili gramu 1,000, na yale ya Kimarekani hutaka bastola ndogo ihimili ratili mbili, karibu gramu 900. Waamuzi huning'iniza mzani kukipima. Kikishindwa, mchezaji hapigi.

La tatu ni uzito. Bastola nyepesi hutikisika, na nzito mno huchosha. Kanuni za kimataifa zimeweka mwisho wa gramu 1,400. Binti na achukue mfuko wa kilo moja ya sukari, aunyooshe kwa mkono mmoja na kuhesabu hadi thelathini, kila siku, mara kadhaa. Mazoezi hayo hayahitaji risasi wala kibali.

La nne ni vilengeo. Kilengeo cha nyuma kiwe cha kurekebishwa kwa skrubu, juu na chini, kulia na kushoto. Vipo pia vilengeo vya kioo vyenye nukta nyekundu, ambavyo husaidia macho ya watu wazima na huruhusiwa katika mashindano mengi ya Kimarekani. Lakini katika yale ya kimataifa ya bastola vimekatazwa. Aulize klabu yake inafuata kanuni zipi kabla hajatoa fedha.

La tano ni utunzaji. Bastola hii inapaswa kusafishwa, na anayeanza asinunue mashine asiyoweza kuifungua mwenyewe.

Kwa majina, yapo matatu ambayo atayasikia kila mara huko. Kampuni ya Ruger ilianza na bastola ya namna hii mwaka 1949, na uzao wake umeendelea mpaka Mark IV, iliyotoka mwaka 2016. Zile za zamani zilisifiwa kwa uimara na kulaaniwa kwa ugumu wa kuzifungua na kuzirudisha. Hii ya nne hufunguka kwa kubonyeza kitufe. Akipata iliyotumika, aitazame namba yake, maana zile zilizotengenezwa kabla ya Juni 1, 2017 ziliitwa kiwandani kurekebishwa kizuio chake cha usalama. Buck Mark ya Browning, ya tangu mwaka 1985, ni mwenzake wa bei ya mfanyakazi, na wengi hukisifu kifyatuo chake. Model 41 ya Smith & Wesson, ya tangu mwaka 1957, ni nzuri kwelikweli, lakini bei yake ni zaidi ya mara mbili. Zile za Ulaya, kama Pardini ya Italia na Walther ya Ujerumani, zenye mipini ya mbao iliyochongwa kwa umbo la kiganja, ni za bingwa au za anayeelekea huko. Mimi ningemwambia achukue moja ya hizo mbili za kwanza, ile itakayomkaa mkononi, na fedha itakayobaki aiweke kwenye risasi na kwenye sanduku la chuma.

Kuhusu risasi, achague zile za mwendo wa kawaida, zisizopita mwendo wa sauti. Anunue maboksi machache ya aina mbalimbali, azipige kwa utulivu akiegemeza mkono, aone mtutu wake unaipenda ipi. Kila mtutu una chakula chake.

Nyumba yenye mtoto na mgeni

Sasa, Mzee wangu, nifike kwenye swali ambalo hukuliuliza. Katika nyumba ile yumo mtoto wa miaka mitatu, na yumo kijana mwenye viza ya mwanafunzi. Hao wawili ndio wenye hatari, kila mmoja kwa namna yake.

Nianze na kijana. Sheria ya Marekani inamkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi akiwamo, kuwa na silaha ya moto au hata risasi zake. Misamaha ipo michache, mmoja ukiwa wa mwenye leseni halali ya uwindaji, lakini huo si mlango wa kusukumwa kwa kubahatisha. Aonane kwanza na mwanasheria. Adhabu ya juu, tangu sheria ilipokazwa mwaka 2022, ni kifungo cha miaka 15, na mtu aliyehukumiwa kwa kosa la silaha hufukuzwa nchini. Fikiri, Mzee wangu: ada uliyoichanga, shamba uliloliuza ukiliuza, miaka yote ya kitabu, vyote vyaweza kupotea kwa sababu kijana alishika bastola ya dada yake jioni moja ya Jumamosi na mtu akampiga picha. Mkanye bila kuzunguka. Asiishike, asiibebe garini, asijue namba wala ufunguo wa sanduku.

Lakini usimfungie mchezo. Lipo shindano la bastola ya upepo la mita 10, nalo ni la Olimpiki. Bastola hiyo husukuma kipande kidogo cha risasi kwa hewa iliyobanwa, bila baruti, na sheria ya nchi yao haiihesabu kuwa silaha ya moto. Aulize tu sheria za mji na za chuo chake, kisha ajifunze. Salukvadze mwenyewe alipata medali zake nyingine kwa bastola hiyo hiyo.

Binti, kwa kuwa ana ukaazi wa kudumu, mlango uko wazi, lakini hata yeye ana hodi ya kupiga. Katika Minnesota mnunuzi wa bastola huomba kibali kwa mkuu wa polisi wa mji wake au kwa sherifu wa kaunti. Asinunue kwa mtu barabarani, wala asimtume mtu amnunulie. Na akija likizo, aiache huko huko. Kuingiza silaha nchini kwetu ni jambo la kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uwanja wa ndege si mahali pa kuanza kueleza habari za michezo.

Sasa mjukuu wako. Mtoto wa miaka mitatu hupanda viti, hufungua mikoba, na ana nguvu za kubana kifyatuo kwa vidole vyote viwili vya gumba. Kumwambia "usiguse" si ulinzi. Bastola ikae tupu ndani ya sanduku la chuma lililofungwa, risasi zikae katika sanduku jingine lenye kufuli yake, na ufunguo uwe mwilini mwa mama, si juu ya kabati. Sheria ya jimbo hilo nayo humshtaki anayeacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia. Lakini binti yako asingoje sheria. Yeye ni muuguzi, amekwisha kuona mambo ambayo sisi tunayasoma tu.

Iko hatari nyingine isiyo na mlio. Risasi hizi ni za madini ya risasi, na moshi na vumbi lake hukaa mikononi na nguoni, nayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto mdogo. Atokapo uwanjani anawe mikono na uso kwa sabuni, asile wala kunywa humo ndani, na afikapo nyumbani abadilishe nguo kabla hajambeba mwanawe. Akipata mimba, aache uwanja mpaka azungumze na daktari.

Kwa hiyo, Mzee wangu, umpigie simu binti yako ukiwa na mama yake pembeni, asikie mwenyewe. Mwulize maswali manne. Sanduku la chuma umekwisha kulinunua? Ufunguo atakuwa nao nani? Mdogo wako ameelewa kwamba si ruhusa? Umepiga kwa bastola za klabu kwa muda gani? Akijibu yote bila kusitasita, mpe radhi yako. Akikwama kwenye moja, mwambie aanze na hilo, bastola itamngoja dukani.

Na ukiambiwa matokeo ya shindano lake la kwanza, niandikie, hata kama amekuwa wa mwisho.

Hadi Jumapili ijayo.